Gari Jekundu la Katekista

Sijui Katekista wetu alizaliwa wapi, wala ukoo wake ulitokea ng'ambo gani ya mto. Sikuwahi kumuuliza. Ningemuuliza asubuhi, jibu lingenikuta jioni, na mimi nilikuwa na nguo za watu za kushona.

Hakuwa mtu wa haraka. Jumapili ambazo Paroko alikwenda vigangoni, ibada iliongozwa na yeye, na akina mama wa mtaa wetu pale Ifakara walikuwa na desturi ya kubandika maharage jikoni kabla ya kwenda kanisani. Wakirudi, maharage yameiva. Katekista akiwa ameguswa sana na somo la siku hiyo, yalikuwa yameungua. Mafundisho ya ndoa, ambayo parokia nyingine waliyamaliza ndani ya Kwaresima moja, kwake yalikuwa marefu kiasi kwamba baadhi ya wachumba walifika altareni wakiongozana na mtoto anayetembea. Katekista aliwasikitikia sana kwa kukosa subira. Hakuona kama yeye anahusika.

Alikuwa na baiskeli nzuri, na aliisukuma. Alisema ukiipanda unawapita watu bila kuwasalimia. Kibaraza changu kilitazamana na ua wake, kwa hiyo kila asubuhi mimi ndiye nilikuwa kituo chake cha kwanza.

"Shikamoo, Katekista."

"Marahaba, mwanangu. Umeamkaje?"

"Salama tu."

"Na cherehani imeamkaje?"

Hakuwa anatania. Alisubiri kabisa nimjibu cherehani imeamkaje. Baada ya hapo aliulizia mguu wa mama yangu, aliulizia paka, akasogea hatua mbili na baiskeli yake, halafu akarudi kwa sababu kulikuwa na kuku alisahau kumuulizia.

Kwa hiyo asubuhi moja, katikati ya miaka ya tisini, aliponiambia kwamba anatengeneza gari la mashindano, nusura nimeze pini niliyokuwa nimeibana kwa midomo.

"Mashindano ya nini, Katekista?"

"Ya mbio, mwanangu. Magari mawili, barabara iliyonyooka. Mnaanzia hapa, mnaishia pale. Hakuna kona. Kona ni za waoga."

Akaniachia maneno hayo na kuondoka akisukuma baiskeli.

Habari yenyewe, nilivyoipata kidogo kidogo, ilikuwa hivi. Miaka ya sitini, kabla hajawa mtu wa Mungu, Katekista alikuwa kijana wa gereji kwenye shamba la miwa huko juu ya bonde. Bwana mkubwa mmoja wa shamba alikuwa na gari la Kimarekani, jekundu, la milango miwili, boneti refu kama kitanda cha wageni. Bwana mwingine alikuwa na gari la kijani, fupi, lenye kelele. Jumapili mabwana hao walishindana kwenye barabara nyoofu katikati ya miwa, na wafanyakazi walisimama pembeni kula vumbi na kushangilia. Katekista alilitunza lile jekundu. Lile la kijani lilitunzwa na rafiki yake, kijana mwenzake aliyeitwa Shabani.

Jumapili ya mwisho kabla ya mabwana kurudi kwao, wote wawili walikuwa wamelewa hata ufunguo haukuona tundu. Wakawapa usukani wale vijana wawili. Vijana wakaendesha. Na tangu siku hiyo, kila mmoja alisema yeye ndiye alishinda.

"Nilimtangulia kwa urefu wa boneti," Katekista alikuwa akisema.

"Boneti lake lilikuwa refu, sikatai," Mzee Shabani alijibu kila mara. "Lakini lote lilikuwa nyuma yangu."

Mzee Shabani, wakati mimi namfahamu, alikuwa mfanyabiashara wa mpunga, mnene, mcheshi, Mwislamu safi ambaye kila Krismasi alikula kwa Katekista, na kila Idi Katekista alikula kwake. Walikuwa wameozeshana watoto wa ndugu, wamezikiana wazazi, wameuguzana. Jambo moja tu ndilo halikupata suluhu, na walilizungumza kila walipokutana, kwa utulivu na heshima zote, kama nchi mbili zinazogombea kisiwa kisicho na maji.

Mwishowe wakakubaliana kurudia.

Mzee Shabani alikuwa na kazi nyepesi. Alichukua pikapu yake ya kubebea mpunga, akaipaka rangi ya kijani, akasema yuko tayari. Katekista alikataa kata kata. Alisema mtu huwezi kurudia jambo la zamani kwa pikapu. Lazima gari liwe lile lile.

Lile lile lilikuwa limeondoka na bwana wake kwenda Ulaya, lakini hilo halikumsumbua. Alipata chasisi ya landrova iliyokuwa imelala nyuma ya nyumba ya mtu, kuku wakitagia ndani yake. Injini ilitoka kwenye lori la zamani lililokufa kabla ya vita vya Kagera. Gari la Kimarekani lilikuwa na silinda nane. Injini ya lori ilikuwa na sita. Katekista akafunga mabomba manane ya moshi, manne kila upande. Silinda mbili zilizopungua zilikuwa za imani.

Bodi aliifua kwa mikono kutoka kwenye mapipa ya mafuta. Alichora umbo lake mchangani kwa kijiti, akalifuta, akalichora tena. Mtu huyu hakuwahi kukumbuka jina langu la ubatizo, na alinifundisha Komunio yeye mwenyewe, lakini aligombana na mafundi wa kuchomelea kwa sababu ya mpindo wa tako la gari kwa asubuhi nzima. "Limekaa kama ng'ombe," aliwaambia. "Lile lilikaa kama paka anayetaka kuruka." Mafundi walibomoa, wakapinda upya. Wavu wa mbele ulitokana na kichwa cha kitanda cha chuma. Kitanda hicho, nilikuja kujua, mkewe alikuwa bado anakilalia.

Mimi nilishona viti. Alileta turubai jeusi akaniomba mistari minene ya kwenda chini, kama godoro. Nilimwambia sijawahi kushonea gari nguo. Akasema wala yeye hajawahi kutengeneza gari, na mambo yanakwenda. Sikuweza kubisha. Yalikuwa yanakwenda kwa mwendo wake: gari hilo lilianza kiangazi kimoja, likapigwa na masika, likapata kutu, likasuguliwa, kikaja kiangazi kingine. Wapita njia waliuliza kama ni jeneza la tembo.

Siku injini ilipowaka mara ya kwanza, bati la choo chetu lilitikisika, na mtoto wa jirani aliyekuwa na kwikwi akapona. Katekista alisimama kando ya boneti, amevua kofia.

"Limefanana nalo?" nikamuuliza.

"Halijafanana, mwanangu. Ni lenyewe. Limechelewa tu kuja."

Kuchelewa, hapo nilimwamini.

Paroko alimwita. Haikuwa sawa, alisema, katekista kushindana magari kama kijana wa mjini. Katekista alijibu kwa hoja iliyoanzia kwenye gari la moto la nabii Eliya, ikapitia kwenye magari ya Farao, na kabla hajatoka nje ya Agano la Kale Paroko alisema basi, inatosha, ilimradi isiwe Jumapili. Tena akaomba yeye ndiye asimame kwenye mstari wa mwisho kupunga kitambaa. Alisema ni kwa ajili ya usalama.

Nafasi hiyo ya kitambaa ilikuwa na mwenyewe. Ile Jumapili ya zamani, kwenye mwisho wa barabara ya miwa, aliyesimama kupunga kanga alikuwa binti wa mkata miwa mmoja. Baadaye binti huyo aliolewa na Katekista, akawa Mama Agatha. Ndiyo kusema, shahidi wa mbio zile alikuwepo miaka yote, ndani ya nyumba, anapika. Watu walimuuliza. Alijibu hivi hivi kila mara: "Vumbi lilikuwa jingi." Na akaendelea kuchambua mchele.

Mama Agatha alikuwa mwanamke mwembamba, wa maneno machache, ambaye alimaliza kazi zake zote wakati mumewe bado anaanza ya kwanza. Alitembea kama mtu anayewahi treni. Nilikuwa nikiwaona wakienda kanisani, yeye mbele sana, mume nyuma sana, na nilidhani wamegombana. Hawakuwa wamegombana. Ndivyo miguu yao ilivyokuwa.

Mbio zenyewe zilifanyika baada ya mavuno, nje ya mji, kwenye barabara iliyonyooka katikati ya mashamba ya mpunga. Ifakara nzima ilikuja na baiskeli. Wauza miwa walikuja, kwaya ilikuja, hata manesi wawili walikuja na sanduku la dawa, ishara nzuri sana ya imani waliyokuwa nayo. Mimi nilikusudia kusimama mwisho wa barabara na Paroko, lakini kwanza nilitaka kuona wanavyojiandaa.

Gari jekundu liling'aa kama kidonda kipya. Pembeni yake pikapu ya Mzee Shabani ilionekana kama mbuzi kando ya ng'ombe wa maonesho. Katekista akasema tusali. Mzee Shabani alisimama kwa adabu, mikono mbele. Baada ya muda akasema, "Amina." Katekista akaendelea. Mzee Shabani akasema tena, "Amina," kwa sauti zaidi. Katekista alikuwa amefika kwa watakatifu wa Afrika. Watu walianza kutafuta kivuli.

Sala ilipokwisha, Mama Agatha alitoka kwenye umati, akafungua mlango wa upande wa abiria wa gari jekundu, akaingia, akakaa.

"Mama Agatha, unakwenda wapi?" Katekista alimuuliza.

"Huko huko unakokwenda wewe."

"Hili si gari la kubeba watu. Ni la mbio."

"Mara ya kwanza mlinisimamisha kwenye vumbi," alisema. "Leo nakaa ndani. Washa."

Akawasha. Nini kingine angefanya mbele ya parokia?

Magari yakingoja tufike, mimi na wengine tulipanda baiskeli kwenda mwisho wa barabara, nikiwa nimekaa nyuma kwa kijana mmoja wa kwaya. Tulipofika Paroko alikuwa tayari na kitambaa. Tukasikia ngurumo. Halafu tukaliona vumbi, na mbele ya vumbi kitu chekundu, na nasema kweli, mimi niliyekuwa nimecheka miezi yote ile, nilijikuta nalishangilia. Lilikuwa linakuja limeinama kama paka. Pikapu ya kijani ilikuwa nyuma, mbali, inakohoa. Watu walianza kupiga vigelegele. Paroko alisahau usalama akaanza kuruka.

Hapo, tukiwaona kabisa, gari jekundu likapunguza mwendo. Hakuna kilichopasuka, hakuna kilichokatika. Lilipungua tu, taratibu, kama mtu aliyekumbuka kuku. Pikapu ya kijani ikalifikia, ikalipita, ikavuka mstari huku honi ikilia. Gari jekundu likaja nyuma kwa mwendo wa harusi.

Katekista alishuka. Uso wake ulikuwa na vumbi isipokuwa duara mbili za macho.

"Kulikuwa na bata," alisema. "Wamevuka barabara."

Hakuna aliyekuwa ameona bata.

Mama Agatha alishuka upande wa pili. Kilemba kilikuwa kimemtoka, nywele zimesimama, na alikuwa amekasirika kuliko nilivyowahi kumwona.

"Bata gani?" alisema. "Namwambia kanyaga, anatoa mguu! Namwambia kanyaga, anatoa mguu! Tulikuwa tumeshinda!" Akamgeukia mumewe, na mbele ya Paroko, kwaya, manesi na wauza miwa, akasema: "Na ile siku ya kule kwenye miwa pia ulishindwa. Nilikuwa nimesimama pale pale. Uliingia wa pili."

Kitambaa kilimdondoka Paroko.

Mzee Shabani alikuwa amelingoja neno hilo, naweza kusema, nusu ya maisha yake. Nilimtazama nione atakavyocheza. Hakucheza. Alikaa kwenye bampa la pikapu, akafuta uso, akasema kwa upole, "Mama Agatha, shemeji yangu. Ungesubiri hata tufike nyumbani."

Katekista alikuwa bado anamtazama mkewe.

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza," alisema. "Ulinihadithia. Ulikuja kwa baba kuposa unahadithia, ukanioa unahadithia. Ningesemea wapi?"

Katekista alivua kofia, akaipangusa vumbi kwa mwendo wake. Halafu akatembea hadi kwa Mzee Shabani akampa mkono.

"Hongera."

"Ya leo au ya zamani?" Mzee Shabani aliuliza.

"Zote. Zichukue."

Baada ya hapo gari lilifunikwa kwa turubai, na Katekista akabadilika. Alipita kibarazani kwangu akasema, "Hujambo," akaenda. Hakuuliza cherehani. Ibada za Jumapili zikawa fupi. Tulirudi nyumbani tukakuta maharage ni mawe. Tulikuwa tumeomba jambo hilo kwa miaka mingi, na tulipopewa tulikaa tukitazamana kama watu waliokosewa. Mama mmoja wa chama cha sala cha Legio alikwenda kumwambia Paroko kwamba mahubiri hayashibishi.

Mimi niliondoka Ifakara muda si mrefu baadaye. Niliolewa Sanje, nikahama na cherehani yangu, nikaweka meza kando ya barabara kuu, chini ya mlima. Habari za Ifakara zilinifikia kwa vipande: Mzee Shabani amefariki, amezikwa, Katekista amelia kuliko ndugu. Halafu ikawa kimya.

Mwaka uliofuata ile mvua kubwa iliyong'oa madaraja, nilikuwa nashona sare za shule, nikasikia ngurumo niliyoijua. Ilikuja kutoka upande wa Kisawasawa, njia ya Ifakara. Mbuzi walikimbia, muuza ndizi akakumbatia mikungu yake, na gari jekundu likasimama mbele ya meza yangu, likaacha alama ndefu barabarani.

Kwenye usukani alikuwa Mama Agatha.

Alishuka, akanikumbatia haraka, akasema wanakwenda kwa Agatha aliyejifungua, akasema ananunua ndizi, akaenda. Yote hayo alimaliza kabla sijasema shikamoo. Katekista alibaki ndani, kofia magotini, anatazama mbele.

"Shikamoo, Katekista."

Akageuza kichwa, si kwangu hasa, kidogo pembeni yangu. "Sauti hiyo ni ya fundi wangu wa viti," alisema, akatabasamu. "Marahaba, mwanangu. Sogea. Macho yameisha. Presha ya macho. Pale hospitali waliniambia nimechelewa kwenda."

Nilikuwa na mzaha tayari mdomoni. Kuhusu yeye na kuchelewa, nani asingekuwa nao? Nikaumeza.

"Pole, Katekista. Pole sana."

"Nimepoa. Yeye ananiendesha. Nilimfundisha nikiwa bado naona kidogo. Alijua kwa wiki, mwanangu. Mimi ilinichukua mwaka." Alipapasa ukingo wa kiti, pale nilipopitisha uzi mara mbili. "Uliniona siku ile. Unataka kujua kwa nini nilitoa mguu?"

"Bata," nikasema.

"Hakukuwa na bata. Nilitupa jicho pembeni nikamwona anacheka. Kilemba kimetoka, mdomo wazi, anacheka. Tumekaa miaka yote ile, wajukuu wanakuja, na mimi sijawahi kumwona anacheka hivyo. Mguu ukasahau kazi." Akaigeuza kofia magotini. "Nilidhani nitakufa kwa aibu aliposema ile ya zamani. Lakini nikirudi kulala, kinachonijia si aibu. Ni hicho kicheko. Nikawaza, mtu huyu anapenda mwendo. Na mimi nimemtembeza polepole tangu ujana wake."

"Umewahi kumwambia?"

"Nitamwambia," alisema Katekista. "Kuna wakati."

Nilitaka kumwambia kwamba hakuna wakati, kwamba yeye ndiye mtu pekee bondeni kote asiyejua hilo. Lakini Mama Agatha alikuwa amesharudi na mkungu, ameutupa kiti cha nyuma, amekaa, amewasha. Injini ilikuwa imetunzwa kuliko wakati wa mume.

"Mwanangu, msalimie mumeo, na wakwe zako, na—" Katekista alianza, na gari likaondoka naye.

Barabara pale inanyooka. Madirisha hayakuwa na vioo, havikuwahi kuwekwa, kwa hiyo nilimsikia Mama Agatha vizuri, anapaza sauti juu ya ngurumo, anamwambia njia: mlima uko kushoto, umefunika wingu, maporomoko yanaonekana meupe, watoto watatu wanapunga mkono, wapungie, si huko, huku. Katekista akapunga.

"Mbele kuna lori la miwa," alimwambia. "Limejaa. Linakwenda kama wewe."

Halafu nikasikia sauti ya Katekista wetu, yule wa ibada ndefu na baiskeli ya kusukuma.

"Lipite!"